Gudulia la Ile Wiki

Jina lake la kuzaliwa watu walishalisahau, na yeye mwenyewe alilikumbuka pale tu alipojaza fomu. Wote walimwita Pindua, na jina hilo alilipata kwa haki. Chombo cha udongo hakikupita mbele yake bila kupinduliwa akione kitako. Mara ya kwanza alipokaribishwa kwa mama mkwe wake alikipindua kikombe alichopewa kabla hajakumbuka kwamba kina chai ndani. Chai ikaenea kwenye kitambaa cheupe, naye badala ya kuomba radhi akawaarifu wakwe zake kwamba kikombe hicho kimetoka kiwandani, hakikufinyangwa na mkono wa mtu kama walivyokuwa wakijisifu. Ndoa ilifungwa hata hivyo. Mumewe husema kwamba kabla ya siku ile hakuwahi kumwona mama yake akikosa la kusema, na mwanamke wa namna hiyo hakutaka ampotee.

Kazi yake ilikuwa kuthamini vyombo vilivyofinyangwa kwa mkono. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la vifaa vya ujenzi, unapanda ngazi za chuma huku harufu ya rangi ikikufuata. Mezani palikuwa na blanketi zito la kuzuia vyombo visigonge, taa ya shingo ndefu, kioo cha kukuza, bakuli la maji na mswaki wa meno uliokwisha makali. Watu walimletea bakuli, vikombe na mitungi wameifunga kwa mataulo, na kila aliyeleta chombo alileta na hadithi yake. Mara nyingi hadithi ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko chombo.

Ujanani alitaka kuwa mfinyanzi. Alikaa miaka tisa kwenye karakana moja na kila bakuli alilofinyanga lilitoka limelalia upande mmoja, kama mtu anayesikiliza umbea wa jirani. Mwalimu wake alikuwa mpole, akamtafutia kazi isiyomhitaji kugusa udongo mbichi: kupanga vyombo ndani ya tanuri, na baada ya moto kuvitoa na kuvitenga, vizima kushoto, vyenye kasoro kulia. Huko ndiko alikopata jicho. Kufikia mwaka wa nane aliweza kufumba macho, kuingiza kidole ndani ya mtungi, akapapasa mistari iliyoachwa na vidole vya mfinyanzi, akakuambia ni nani kati ya wafinyanzi sita wa karakana ile na kwamba siku hiyo alikuwa na haraka. Hakuwa mtu wa kujidai, lakini hilo alilisema mara kwa mara.

Basi asubuhi moja akapanda ngazi zile mzee mikono mitupu. Alikuwa na miaka sabini na minne, suruali imepigwa pasi ya mstari, na kabla ya kuketi aliitikisa meza kidogo kuona kama miguu yake inalingana. Alikuwa mkaguzi wa mizani mstaafu. Kwa miaka arobaini alizunguka mji hadi mji na sanduku la mawe ya kupimia, akiwakagua wenye maduka wasiwaibie watu. Alimwuliza Pindua kama chombo kinaweza kuonyesha mtu alikuwa wapi. Pindua akasema inategemea chombo, na inategemea mtu.

Mzee akaeleza. Miaka thelathini na moja iliyopita alisafiri kikazi kwenda mji wa mbali, akaaga kwamba atarudi siku ya nne, akarudi siku ya saba. Mto ulikuwa umechukua daraja. Kwa siku tatu alilala kwenye karakana ya mfinyanzi mmoja kando ya barabara, yule aliyejulikana kote kwa jina la Mzee wa Majivu kwa sababu ya ile rangi ya kijivu yenye kung'aa ya vyombo vyake, ambayo hakuna aliyeweza kuiga. Simu haikuwepo. Alipofika nyumbani amebeba gudulia la Mzee wa Majivu mapajani kama mtoto mchanga, alikuta habari nyingine imemtangulia. Jirani mmoja alikuwa ameshamnong'oneza mkewe kwamba kwenye mji ule kuna mwanamke fundi cherehani, mcheshi sana, ambaye mkaguzi humtembelea ingawa hana mizani ya kukaguliwa.

Mkewe hakupiga kelele wala hakufunga mizigo. Alilitazama gudulia, akasema kwamba gudulia la aina hiyo linapatikana dukani, akaliweka kabatini. Tangu siku hiyo ndani ya nyumba kukawa na kitu kinachoitwa ile wiki. Mzee akitaka kulala Jumamosi mchana, mkewe hakumkataza, alisema tu kwa sauti ya chini, "Kama ile wiki." Mzee anaamka. Kwa sababu ya ile wiki alipaka nyumba rangi mara mbili, akaacha kuvuta sigara, akajifunza kusuka nywele za binti zake, na vyombo vya jikoni aliviosha mpaka vikamzoea. Hakuna mwanamume aliyelipia wiki moja kwa muda mrefu hivyo.

Pindua alicheka, kisha akaona kwamba mwenzake hacheki.

"Mimi sitaki kusifiwa, fundi," mzee alisema. "Nataka karatasi. Sitaki kuzikwa na ile wiki."

Pindua akamwambia alilete gudulia. Hapo mzee akakuna kidevu. Tangu alipomtajia mkewe habari za mthamini, gudulia ambalo kwa miaka yote lilikuwa la kusimangiwa limegeuka mboni ya jicho. Halitoki nje. Upepo utalipasua. Basi wakakubaliana kwamba Pindua ataenda mwenyewe kesho yake mchana.

Mke wa mzee alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka thelathini na sita, na mtaa mzima, mumewe akiwemo, ulimwita Mwalimu. Alimpokea Pindua mlangoni kwa adabu zote, akavitazama viatu vyake kwa utulivu hadi vikavuliwa. Sebule ilikuwa safi ya kutisha. Gudulia lilikuwa ndani ya kabati la vioo, rafu ya katikati, kati ya picha za wajukuu na saa iliyosimama.

Mwalimu alianza kwa chai. Baada ya chai akaleta juisi, baada ya juisi akataka kujua kama mgeni ana watoto, wangapi, wamesoma mpaka wapi. Kisha akasema mwanga wa sebuleni ni hafifu kwa kazi ya macho. Mzee akafungua mapazia. Mwalimu akasema ufunguo wa kabati haujulikani ulipo tangu mwezi uliopita, na mzee akanyoosha kidole kuonyesha uzi uliokuwa shingoni mwa mkewe, na ufunguo unaning'inia. Pindua alikuwa ameona wauzaji wengi wakibabaika mbele ya mthamini, lakini wale walikuwa wakiogopa chombo kiwe cha bandia. Huyu mama tangu siku ya kwanza alitaka kiwe bandia. Sasa anababaika nini?

Gudulia likawekwa mezani juu ya blanketi la Pindua. Alilipima kwanza kwa viganja, macho kayafumba. Likawa jepesi kuliko linavyoonekana, jambo ambalo wafinyanzi wachache huliweza. Aliingiza kidole mdomoni mwa gudulia akapapasa mistari ya ndani, iliyopanda polepole bila kuruka. Akafuata mkono wa kushikia, ulivyobanwa chini kwa dole gumba mara moja tu, bila kusahihishwa. Rangi ya majivu ilikuwa imekusanyika begani na kuteremka kwa uvivu. Akafumbua macho akasema kwamba hilo ni la Mzee wa Majivu na hana shaka hata chembe.

Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena.

Mwalimu naye akasema kwa upole kwamba kweli yaweza kuwa la Mzee wa Majivu, lakini vyombo vya Mzee wa Majivu vilikuwa vikiuzwa madukani katika mji ule ule wenye mafundi cherehani. Hilo nalo lilikuwa kweli. Mzee akakaa.

Ikabaki kitako. Pindua alilipindua gudulia, na chini yake akakuta kitambaa kizito cha kijani kimegandishwa kwa gundi kutoka ukingo hadi ukingo. Mwalimu akaeleza haraka kwamba alikiweka mwenyewe ili rafu isikwaruzwe, kwamba gundi ile ni kali, kwamba kukibandua ni kuua chombo. Pindua akasema chombo ni chao, waamue wao. Mzee hakuchukua hata muda wa kumeza mate.

"Bandua," alisema.

Kazi ilichukua karibu nusu saa. Alilowesha pembe, akasugua kwa mswaki, akavuta kidogo, akalowesha tena. Mzee aliinama juu ya bega lake hadi Pindua akamwomba nafasi ya kupumua. Mwalimu alikaa wima kwenye kiti cha mbali. Kitambaa kilipotoka, muhuri wa Mzee wa Majivu ukaonekana wazi, na juu ya muhuri, kutoka upande hadi upande, mstari mmoja uliochimbwa kwa msumari.

Pindua akafurahi, maana hapo alikuwa na habari njema. Akawaeleza kwamba Mzee wa Majivu hakupeleka dukani chombo chenye kasoro hata kidogo, na hili lilikuwa na ufa mdogo kama unywele chini ya mkono. Chombo cha namna hiyo alikipiga mstari juu ya muhuri, akakiweka kwenye ubao mlangoni pa karakana, na aliyekipata ni yule tu aliyefika pale kwa miguu yake. Hakuna duka duniani lililowahi kuuza gudulia lenye mstari.

Mzee alipiga kofi moja. Alianza kucheka, na kicheko kikampeleka mpaka kwenye kikohozi. Alimwambia mkewe amesikia, si amesikia, hakuna duka duniani.

Ila Pindua alikuwa bado ameinama. Kando ya muhuri, kwenye ukingo wa kitako, palikuwa na alama tatu ndogo nyeupe, kila moja upana wa punje ya mahindi. Aliziangalia kwa kioo, akazigusa kwa ukucha, na furaha yote ikamtoka. Tanuri la kwanza la Mzee wa Majivu lilikuwa la kale, vyombo vilikaa juu ya mchanga, na mchanga uling'ang'ania vitakoni mwao hata ukiusugua. Tanuri hilo lilianguka mvuani. Alipojenga la pili aliacha mchanga, akaanza kuketisha vyombo juu ya vifungo vitatu vya udongo, na vifungo ndivyo vilivyoacha alama tatu. Kila anayejua kazi hii aliujua mwaka wa tanuri la pili. Ulikuwa mwaka uliofuata ile wiki.

Aliinua uso. Mwalimu alikuwa akimtazama vile mwalimu anavyomtazama mtoto anayejua jibu na anataka kunyoosha mkono.

Pindua alielewa nusu ya mambo papo hapo, na nusu hiyo ilitosha kumtoa kijasho. Katika kazi yake alikuwa na sheria moja tu, kutosema asichokiona na kutoficha alichokiona, na kwa miaka yote haikumsumbua kwa sababu vyombo havina mume. Leo angeweza kunyamaza. Mzee angepata karatasi yake, bibi angebaki na siri yake, naye angerudi nyumbani mapema. Akajaribu kupita katikati. Akasema kwa sauti ya kiofisi kwamba aliyelileta gudulia hili ndani ya nyumba hii alilichukua mlangoni kwa Mzee wa Majivu kwa mkono wake mwenyewe, na hilo yuko tayari kuliandika na kutia sahihi.

Bega la Mwalimu lilishuka kidogo. Pindua akatoa kalamu.

Lakini mtu aliyekagua mizani miaka arobaini hawezi kukiacha kitu kinacholingana kwa karibu karibu. Mzee alilinyanyua gudulia, akalipindua mwenyewe, akapitisha kidole kwenye kitako mara moja, kisha mara ya pili. Kicheko kilikuwa bado usoni lakini kimeganda.

"Langu halikuwa na mstari," alisema. "Na lilikuwa na mchanga hapa chini. Lilinikwaruza mapaja safari nzima." Akamgeukia Pindua. "Fundi, hizi alama tatu ni za nini?"

Sasa ameulizwa, na Pindua alijijua. Kama alishindwa kunyamaza mbele ya mama mkwe, hapa ataanzia wapi? Akamwambia. Gudulia hili limechomwa kwenye tanuri la pili, na siku mzee aliporudi safari, tanuri hilo lilikuwa halijajengwa.

Mzee alilirudisha gudulia kwenye blanketi kwa uangalifu mkubwa. Akakaa. Alieleza, kama anayemweleza mtu mwingine, kwamba tangu alilete hakuwahi kulitazama tena kwa karibu, kwa sababu kila akilitazama lilimtia uchungu. Kwa hiyo hajui tena kama anakumbuka sawasawa. Yeye alikuwa na hakika amelala karakanani siku tatu, anaukumbuka moshi, anakumbuka godoro la majani. Lakini chombo kinasema vingine, na fundi ndiye anayejua. Akauliza kama hivyo ndivyo itakavyoandikwa. Aliita mwenyewe shahidi ndani ya nyumba yake, na shahidi amemkana. Pindua aliona aibu mpaka akajifanya anatafuta kifuniko cha kalamu.

Mwalimu angeweza kunyamaza. Hilo Pindua alilifikiria kwa miaka mingi baadaye: pale pale, kwa kukaa tu kimya, yule mama angeishinda kesi ya ile wiki mpaka kaburini, tena kwa ushahidi wa kitaalamu. Lakini Mwalimu alimtazama mumewe, na ile mikono yake mikubwa iliyoshika magoti.

"Hili ni langu mimi," alisema. "Lako nililivunja."

Alilivunja mwaka wa pili baada ya ile wiki, mchana mmoja alipokuwa anafuta vumbi na kumfikiria yule fundi cherehani, na hakuliangusha, alilirusha. Alipoona vipande hofu ikamshika. Akaaga kwamba dada yake amejifungua, akapanda basi siku mbili, akashuka mlangoni kwa Mzee wa Majivu. Kwenye ubao palikuwa na gudulia lililofanana na lile kwa kila kitu isipokuwa chini. Na kwa kuwa ameshafika, aliuliza. Mfinyanzi alimkumbuka vizuri sana yule mtu wa mizani. Alikaa pale siku tatu akisubiri mto ushuke, akampimia udongo wake wote bure na kukuta mizani yake inamwibia, na usiku alikoroma mpaka wasaidizi wakahama chumba.

"Kwa hiyo ulijua," mzee alisema.

"Nilijua."

Alieleza kwamba alirudi na nia ya kusema siku hiyo hiyo. Akakuta nyumba imefagiwa, watoto wameoga, na mumewe ameinama anaosha sufuria. Akasema atasema Ijumaa. Ijumaa mume akarekebisha bomba la jikoni bila kuombwa. Wiki iliyofuata akaleta kitambaa cha gauni. Ukisema unajua, lazima useme umevunja, na ukisema umevunja, lazima useme dada yako hakujifungua. Siku zikaenda. Mbele ya Pindua, mgeni kabisa, Mwalimu alisema kwamba alimkosea mume wake na kwamba hakuna siku aliyotamka ile wiki bila kujiona mwizi, ila ladha ya kuitamka nayo ilikuwapo.

Mzee aliinuka. "Miaka ishirini na tisa," alisema, akatoka uani.

Wanawake wawili wakabaki na gudulia. Nje zilisikika hatua zake zikienda ukutani na kurudi, zikienda na kurudi. Pindua alikunja kitambaa cha kijani mara nne bila sababu. Mwalimu aliuliza kwa sauti ndogo kama mzee ataondoka, na Pindua akajibu kwamba hayo hayaandikwi kitakoni. Alijuta mara ileile kusema hivyo, akamshika mkono.

Mzee alirudi uso umelowa maji ya bombani, au maji mengine. Hakukaa kwenye kiti chake. Alikaa kwenye kochi kando ya mkewe, karibu hasa, akamtaka aseme tena, lakini safari hii asianzie kwenye kuvunja, aanzie kwenye lile la mfinyanzi.

Mwalimu alivuta pumzi. "Ulikuwa kwa Mzee wa Majivu. Siku zote tatu. Hukuwa kwa mwanamke yeyote. Nami nilijua, na nikakufanyia ukatili. Nisamehe, baba watoto."

Mzee aliinamisha kichwa, machozi yakamdondoka kwenye ile suruali ya mstari, naye hakuyafuta. Kisha akaweka kiganja nyuma ya sikio la kushoto. Alisema sikio hilo siku hizi halimtendei haki, maneno ya katikati yamempita. Mwalimu akayarudia yote, kwa sauti ya juu zaidi.

Mzee alitikisa kichwa taratibu, akasema sasa amesikia mwanzo na mwisho, bado kidogo pale kwa mwanamke yeyote. Pindua, ambaye mchana kutwa alikuwa amezungumza naye kwa sauti ya kawaida na kujibiwa kila neno, alianza kufungasha mswaki na taa yake akiwa ameuma mdomo. Hakuna aliyemwuliza tena habari za karatasi.

Alipofika mlangoni kuvaa viatu alimwona mzee ameinuka, anaelekea dirishani kwa upande wa nyumba ya jirani yule yule aliyemnong'oneza mkewe. Akaifungua mbao moja ya dirisha, akaifungua na ya pili, akarudi kukaa na kiganja chake nyuma ya sikio.

"Haya, mke wangu," alisema. "Kwa sauti ya darasani."